Filimbi Yenye Mate ya Gogo

Njia nzima ya kwenda Olenguruone nilikuwa nikijiuliza kama sukari na majani ya chai niliyobeba ni zawadi au ni matusi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupelekwa kwao na mwanamume niliyetarajia anioe. Sikuwa na kazi, digrii yangu ilikuwa imelala juu ya kabati kwetu Nakuru, na nilijua kwamba siku hiyo watu wa nyumba ile wangeamua kama nafaa kuwa mke wao. Nilijiandaa kwa maswali yote: kanisa, kabila, kama najua kukamua. Kwa mate sikujiandaa.

Baada ya chai, nyanya yake, ambaye wote pale humwita Gogo, alituita nyuma ya jikoni. Maboga yalikuwa yametambaa hadi kwenye ua wa ng'ombe. Alichuma majani yenye vikonyo vinene, vile vilivyo wazi ndani kama mrija. Alikata jani la kikonyo kimoja lakini akaacha ncha ya juu imeziba. Upande wa chini akauacha wazi. Akamenya ngozi yenye vinyweleo vikali kwa kucha, uzi baada ya uzi, kama anayetayarisha mboga. Kisha akachukua wembe na kuchana mpasuko mfupi wa urefu, karibu na ile ncha iliyoziba. Ukipuliza, kingo za mpasuko hutetemeka na kikonyo hulia.

Ila ili kilie, lazima mpasuko wote uingie mdomoni. Na katika nyumba ile, filimbi mpya haipulizwi na mtu kabla Gogo hajaianzisha.

Gogo alikuwa na ugoro ndani ya mdomo wa chini. Aliusukuma kando kwa ulimi, nikauona, mweusi, umelowa. Akatia kikonyo mdomoni, kikalia kama ndama aliyefungiwa. Mate ya kahawia yakateremka ndani ya mrija, yakatokea upande wa pili, yakaning'inia, yakakatika na kuangukia gambuti zake. Hicho akampa mjukuu wake, mpenzi wangu. Akatengeneza kingine, akakianzisha vilevile, akaninyooshea.

"Shika, mtoto wa town. Puliza."

Kilikuwa na joto. Hata leo nikishika kitu kilichotoka mkononi mwa mtu kikiwa na joto, hukiweka chini kwanza. Kwenye mpasuko kulikuwa na povu, na ndani ya povu chembe za ugoro. Nilifikiria sanitaiza iliyokuwa mkobani, na jinsi ya kuifikia bila kuonekana. Nilifikiria magonjwa ninayoyajua, kisha nisiyoyajua. Nikamtazama mpenzi wangu. Alikuwa ameegemea tangi la maji, anapuliza chake kwa raha zake.

"Ama unaogopa mate yangu?" Gogo akauliza.

"Hapana, Gogo. Naangalia tu vile umeitengeneza."

"Filimbi haiangaliwi. Kwani huko Nakuru mnapuliza na macho?"

Mama wa mpenzi wangu, aliyesimama mlangoni pa jikoni, alicheka, kisha akasubiri. Nikakitia mdomoni.

Kilikuwa kichungu, cha chumvi, vuguvugu. Utelezi wake ulinata kwenye ulimi kama konokono. Nilipuliza na hakikulia, maana nilikuwa nimebana koo nisije nikameza.

"Ingiza ndani!" Gogo akapiga kelele. "Huyu anabusu kikonyo!"

Nikakiingiza. Kikalia. Gogo akafurahi mno, akanitemea mate mepesi viganjani, baraka ya wazee wao, na kumwambia mama mkwe mtarajiwa, "Huyu ni wetu. Mpange siku ya kwenda kwao."

Nilikuwa nimekubaliwa. Nilizunguka nyuma ya kibanda cha kuku, nikatapika chai yote.

Mpenzi wangu alinifuata huko akicheka kimyakimya. Akatoa kwenye mkono wa jaketi kikonyo kilicholowa, akakitupa kwenye upupu. Kile alichokuwa akipuliza alibaki nacho mkononi, safi, hakina hata doa.

"Kwani ulipuliza ileile ya Gogo?" akaniuliza. "Wacha! Hapa hakuna mtu hupuliza hiyo. Tangu tukiwa watoto kila mtu anabeba yake, Gogo akigeuka unabadilisha. Hata mathe pale mlangoni. Hata pasta alibadilisha."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kuona kama utaweza. Bibi ya bro alipoletwa hapa alikataa, na mpaka leo wanamsema. Wewe umewamaliza!"

Mimi ni mtu wa kuchambua salamu ya "niaje" kwenye simu mpaka usingizi upotee: kwa nini hakuweka alama ya kuuliza, kwa nini amechelewa. Siku hiyo sikuchambua chochote. Mate ya Gogo yalikuwa mate tu. Alinipa mbele ya watu, akiamini ananikaribisha. Yule mama mlangoni alijua, akasubiri. Na huyu wangu alikuwa na filimbi safi mdomoni, akanitazama nikimung'unya ugoro wa nyanya yake, akaona ni mtihani mzuri.

Alinyoosha mkono anipanguse kidevu. Nikarudi nyuma.

"Waambie wasije kwetu," nikamwambia.

Akakunja uso, kama mtu aliyeibiwa. "Sasa ni juu ya mate tu?"

Nilikuwa bado natema.