Mbao Ndani ya Mlango

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mkaguzi wa magari ya bima pale Kisumu. Magari niliyoyajua ni yale yaliyogongana. Lori likipinduka Awasi, au pikapu ikiingia mtaroni ikitoka Port Victoria na samaki, nilitumwa nikaseme kilichobaki kina thamani gani. Mfukoni nilikuwa na sumaku ndogo. Bodi ya gari iliyooza ikazibwa kwa puti na kupakwa rangi hudanganya macho, lakini sumaku haishiki puti.

Siku moja mnadi wa mjini aliniita ofisini kwake. Mjane mmoja wa Kisingasinga, ambaye marehemu mumewe alikuwa na kinu cha kukamua mafuta karibu na stesheni, alikuwa anahamia kwa wanawe Nairobi. Alitaka gari la mumewe liuzwe mnadani.

"Ni gari la kale sana," mnadi akaniambia. "Kampuni iliyolitengeneza ilikufa kabla ya Vita vya Pili. Kuna watu Nairobi wanayatafuta haya, lakini wakishuku limeungwaungwa hawatoi hata senti. Wewe nithibitishie tu kwamba ni lenyewe."

Mama yule alinifungulia ghala mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kuingia mahali nikitafuta kasoro, lakini mlango ulipofunguka nilisahau kilichonileta. Gari lilikuwa refu, rangi ya kijani iliyokolea, madigadi zake zimepinda juu ya magurudumu kama shingo za ndege wa majini. Taa za mbele zilikuwa za shaba, kubwa kama sufuria, na rejeta nayo ya shaba, imesuguliwa hadi nikaiona sura yangu. Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Hapakuwa na mtu wa kumvulia isipokuwa yeye mama, na yeye nilikuwa nimekwisha kumsalimia.

"Kagua, Bwana," akasema. "Mimi nakaa hapa."

Nililala chini ya gari. Namba iliyogongwa kwenye fremu ilikuwa safi, kingo zake kali, wala hapakuwa na alama ya tupa. Nikafungua boneti, nikafuta grisi kwenye injini, nikakuta namba ile ile. Hata boksi la gia lilikuwa nayo. Vitu vitatu vilivyotoka kiwandani pamoja vilikuwa bado pamoja baada ya karibu miaka hamsini ya barabara zetu.

Kisha nikaweka sumaku kwenye mlango. Ikaanguka.

Nikajaribu mlango wa pili, nikajaribu nyuma. Kote ikaanguka. Nilimgeukia mama nikiwa na uchungu wa mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri kisha akapokonywa.

"Mama, bodi hii si bati."

"Ndiyo, si bati," akajibu bila wasiwasi. "Bati ilikula kutu, mbao ya ndani ilikula mchwa. Mzee yangu akaita fundi ya mashua kutoka Usenge. Ngoja."

Alileta bisibisi, akafungua ngozi ya ndani ya mlango kana kwamba anamvua mtoto shati. Nikachungulia. Mbao za mvule, nyembamba, zilikuwa zimepandana ubavu kwa ubavu, kila moja imechongwa kufuata mkunjo wa mlango, zimeshikwa kwa misumari ya shaba iliyokunjwa ncha kwa ndani. Sikuona hata mwanya wa kupitisha ukucha. Nje, mbao zilikuwa zimelainishwa hadi rangi ikakaa kama kioo. Nilipitisha kiganja juu yake mara nyingi, na kila mara mkono ulikataa kuamini kwamba hiyo ni mbao.

Nilimweleza mnadi yote. Akakuna kidevu.

"Sema injini na fremu ni zake, basi. Nani atafungua mlango?"

"Mimi nimeshaufungua," nikamwambia.

Nilijua maana ya kusema kweli. Wanaonunua magari ya kale hulipia kilichotoka kiwandani, na bodi ya baadaye hushusha bei hata ikiwa nzuri namna gani. Nilipomwambia mama kwamba bei itashuka, hakubishana. Aliuliza tu mnada ni siku gani, maana alitaka kumpelekea mtu habari Usenge.

Siku ya mnada watu walijaa uani. Mnunuzi mmoja alikuwa ametoka Nairobi, Mzungu mrefu aliyekuja na tochi yake. Nilisimama nikasema: fremu, injini na gia ni za asili, bodi ilitengenezwa upya hapa ziwani, kwa mvule. Mnunuzi akatikisa kichwa, akazima tochi. Ndipo mama akatoa bisibisi yake mkobani, akaufungua mlango mbele ya watu wote.

Yule Mzungu alipiga magoti, akawasha tochi tena, akakaa hapo muda mrefu hata mnadi akaanza kukohoa. Alipoinuka aliuliza kwa Kiswahili, "Nani alifanya hii?"

"Mimi," akajibu mzee mmoja kwa sauti kubwa, akijipenyeza katikati ya watu. Alikuwa fundi mwenyewe, kifua mbele, amevaa koti zito katika jua lile la Kisumu. "Mashua zangu ziko Usenge, ziko Port Victoria. Uliza mtu yeyote."

Mzungu alilinunua. Bei haikufika pale ambapo gari la asili kabisa lingefika, wala mama hakutegemea ifike. Alikuwa na ombi moja tu: fundi apandishwe garini, kwani alimaliza kazi yake akarudi kwao kabla gari halijapakwa rangi, na hakuwahi kulipanda.

Mzee alikaa mbele. Mama na mimi tukakaa nyuma. Mzungu alizungusha hendeli ya kuwashia mbele ya gari, injini ikashika kwa mngurumo mzito, wa polepole, nikausikia hadi mifupani. Tukateremka kuelekea gatini. Wachuuzi waliacha mizani, waendesha baiskeli wakashuka. Kwenye mashimo karibu na reli nilitega sikio nisikie mbao zikilia, kama bodi za bati zinavyolia. Hazikulia. Fundi alikuwa ametoa mkono nje, ameuweka juu ya mlango njia nzima. Mama alikuwa ameshika ushungi wake usipeperuke, akicheka peke yake.

Tulipofika gatini Mzungu hakusimama. Alizunguka, akaturudisha njia ndefu, kando ya maji.