Miche ya Mnadani

Julai iliyopita nilipanda Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kumsalimia mjomba, nikiwa nimebeba sweta nzito ambayo sikuivaa hata kidogo. Jua lilikuwa kali juu ya migomba. Mjomba akatoa viti, akaviweka kivulini. Kivulini, ndugu yangu, mwezi wa Julai! Kama ulikulia mlimani umeshanielewa. Kama hukukulia huko, kaa nikueleze.

Julai ya utoto wangu ilikuwa na ukungu mzito hadi tulimsikia ng'ombe wa jirani kabla hatujamwona. Asubuhi tulibanana jikoni kwa Bibi, macho yakiwasha kwa moshi, yeye akitugawia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Kisha tulitumwa kukata majani ya ng'ombe. Tulirudi tumelowa hadi kifuani na vidole vimekufa ganzi. Tuliichukia baridi ile. Hatukujua kwamba ilikuwa ikitulinda.

Bibi alijua kwa namna yake. Alikuwa na msemo, "Vya tambarare havipandi mlima." Aliusema kuhusu mbu, kuhusu kupe, na kuhusu vijana wa mjini waliokuja kuwaposa wajukuu zake.

Mama alikuwa amerudi nyumbani kwao baada ya ndoa kuvunjika, akiwa na mimi mgongoni. Binti aliyerudi hana sauti kubwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha wazazi. Alilima kwa hisani ya Bibi, kahawa chache nyuma ya jiko, na kila mtu alijua kwamba kipande kile mjomba alikihitaji, maana alikuwa na watoto wa kiume wanaokua.

Ndipo soko huria likatufikia. Ushirika uliokuwa ukinunua kahawa ulinyamaza. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, msimu mmoja wakigombania kahawa yetu, msimu uliofuata wakipita bila kusimama. Bwana shamba aliyekuwa akija na pikipiki alipunguzwa kazini. Kilichokuwa na wateja ni nyanya, na malori yalizifuata hadi karibu na kanisa. Mama akaomba ruhusa ya kung'oa kahawa.

"Ile kahawa ilipandwa na baba yako," Bibi alisema.

"Baba angekuwepo angeing'oa mwenyewe, Mama. Hainunui hata chumvi."

Walinuniana siku nyingi. Mwishowe Bibi alikubali kwa sharti alilolitamka mbele ya mjomba ili lisibadilike: nyanya zikikubali, kipande ni cha Mama, zikikataa, mjomba anakichukua. Mama akashika jembe. Visiki vilitoa harufu tamu ya udongo mbichi, na Bibi alifunga dirisha la jiko asivione.

Unajua utaratibu wetu wa Jumapili. Baada ya ibada, sadaka ambazo si fedha hupigwa mnada nje ya kanisa: mayai, mikungu ya ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Siku ile jirani yetu mmoja, mama mcha Mungu kweli, alileta trei ya miche ya nyanya kutoka kwa kaka yake anayelima tambarare. Ilikuwa mizuri, mirefu, ya mbegu mpya.

"Miche hii, Bwana asifiwe!" aliita mzee wa kanisa. "Nani? Wewe mama uliyeng'oa kahawa, utapanda nini, maneno?"

Watu wakacheka. Mama akapandisha dau.

"Ongeza! Au unamwachia Mungu mabaki?"

Akaongeza. Kitu cha mnadani hakikaguliwi. Nani atafunua majani ya sadaka kutafuta kasoro? Nilipobeba trei kuelekea nyumbani, vijidudu vyeupe viliruka kutoka chini ya majani, vyepesi kama vumbi la unga. Nilimwonyesha Bibi. Hakushtuka.

"Vya tambarare hivyo. Baridi ya Julai itavimaliza."

Tukapanda. Tukangoja baridi.

Haikuja. Yalikuja mawingu mepesi, yakapita, kukawa na jua. Kanisani watu walishukuru kwa jua lile, na Mama alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu miche ilikuwa ikirefuka. Baadaye nimesoma kwamba mlima ulikuwa ukipata joto polepole, na kwamba baridi ikilegea, wadudu wa chini hupata njia ya kupanda. Wakati ule tuliona tu majani ya juu yakijikunja, yakigeuka manjano, mmea ukidumaa kama ngumi. Wakulima waliuita ugonjwa huo rasta. Ukigusa mche mmoja, wingu jeupe liliinuka na kutua kwenye mwingine.

Mwenye duka la pembejeo alimuuzia Mama dawa, kisha nyingine ya kuchanganya na ile, kisha ya tatu yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mama alipuliza hadi akakohoa. Vijidudu vilipungua kwa siku mbili, vikarudi. Maua yalidondoka kabla ya kufunga. Kutoka shamba zima tulichuma nyanya za kujaza ungo mmoja, na Bibi akazipika na ndizi. Mjomba alikuja siku ya pili yake na kamba ya kupimia. Hakuwa na furaha, lazima nimtendee haki; alisimama muda mrefu kwenye ua kabla ya kubisha hodi.

Tukateremka mjini, chumba kimoja mtaa wa Levolosi. Mama akapata meza ya kuuzia nyanya za watu wengine, zilizoletwa na malori kutoka Iringa. Aliendelea kwenda ibadani, lakini kwenye mnada hakusimama tena. Wimbo wa mwisho ulimkuta ameshafika barabarani.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni mteja mmoja, mwanamke aliyevaa vizuri, aliyeinua nyanya na kuinusa.

"Shikamoo, mama. Hizi ni za Meru kweli? Mimi nataka za Meru, zile za baridi."

Mama yangu, aliyenichapa kwa uongo wa kipande cha sukari, alizipangua, akachagua nne kubwa, akazifuta moja moja kwa upindo wa kanga.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ni za Meru. Nimezilima mwenyewe."