Doto Hakuitwa Kwenye Chenga

Enzi zetu TV ilikuwa na kichogo, ilitumia betri ya gari, na sinema ya kutisha ilikutisha kweli. Wewe uliyekulia Mwanza miaka ile ya antena za kwenye mianzi unanielewa. Mmoja yuko nje anazungusha mwanzi, mwingine yuko ndani anapiga kelele, "Hapo hapo! Usiachie!" Ukiachia tu, chenga. Zile nukta nyeupe zinazochemka kwenye kioo, na kelele yake kama mafuta yanayokaanga sato. Watoto wa leo hata chenga hawazijui. Nawahurumia, halafu nawaonea wivu, maana mimi ni mtu wa wivu na sifichi.

Wivu wangu ulianzia tumboni. Tulizaliwa mapacha wa kike, mwenzangu akanitangulia kwa dakika chache, basi yeye akawa Kulwa na mimi Doto, kama ilivyo kwetu Wasukuma. Dakika chache tu! Lakini mama akawa Mama Kulwa mtaa mzima, mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Doto, hata kwa bahati mbaya.

Sasa, kule Nyegezi kulikuwa na banda la video la mabati, madirisha yamezibwa magunia. Jumamosi mchana ndani ni giza, joto, na harufu ya dagaa kutoka kwenye nguo za watu. Mwenye banda tulimwita Dijei Maige. Alikuwa anatafsiri sinema kwa maiki, na Kiingereza chake, Mungu anisamehe, kilikuwa hakifiki mbali. Alitunga. Wahusika aliwapa majina ya watu waliokaa kwenye mabenchi, na watu walifurahi ajabu. Mimi na Kulwa tulikuwa tunampangia mabenchi, ndipo anaturuhusu kuingia.

Siku hiyo aliweka sinema ya TV yenye pepo. Familia ya Wazungu iko mezani inakula, TV inajiwasha yenyewe, inaonyesha chenga, na ndani ya zile chenga inatoka sauti inamwita mtoto. Ukiitwa ukaitika, umekwenda. Banda zima kimya. Nimemng'ang'ania Kulwa mkono. Maige akasogeza maiki mdomoni, akabana pua: "Kulwaaa... Kulwa wa Mama Kulwa, njooo!"

Jamani! Watu walitoka mbio, mabenchi mawili yakavunjika. Na mimi nilikimbia, lakini kufika nje roho ikaniuma. Kwa nini yeye? Hata mapepo nayo yanaanza na Kulwa?

Na akafaidi. Shuleni wenzetu wakawa wanampa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, wamemzunguka, "Ilikuitaje? Ilikuitaje?" Mama akawa anamwekea kichwa cha sato, eti mtoto kashtuka moyo. Mimi mkia. Kulwa akawa hapiti mbele ya nyumba yenye TV, hata yetu, bila wasindikizaji wanne, na mfuko wake wa madaftari nabeba mimi.

Nikaamua na mimi niitwe. Kila mchana, baba akiwa kazini, nikawa nawasha TV kabla matangazo hayajaanza, nakaa mbele ya chenga, miguu nimekunja. "Shikamoo," nikaiambia, maana sikujua umri wake. "Mimi ni Doto. Niko hapa." Chenga zikachemka tu. Siku ya nne baba akarudi, anataka taarifa ya habari, betri imekufa. "Nani kamaliza betri yangu?" Kulwa akaninyooshea kidole. Hapo ndipo nilipoitwa, tena na fimbo juu.

Krismasi iliyopita Kulwa alitoka Sengerema anakoishi, akavuka na kivuko cha Kamanga, akaja kwangu. Wanangu wako sebuleni mchana kweupe wanaangalia sinema ya kutisha huku wanatafuna bisi. TV yao inaanza kwa kuwapangia majina yao kwenye kioo, kila mtu achague lake. TV inawajua kwa majina, na hakuna anayeshtuka! Mmoja alikuwa anasinzia. Nikawasimulia ya Maige, na wivu wangu ule ule.

Kulwa akainamisha kichwa. "Doto, kuna kitu sijawahi kukuambia. Tulipokuwa tunapanga mabenchi, Maige aliniambia leo atamwita Doto. Nikamwomba aniite mimi. Wewe ukiogopa ulikuwa unajikojolea."

"Muongo!"

"Tulikuwa tunalala godoro moja, Doto. Na niliogopa mwaka mzima. Kwani wale wasindikizaji ulidhani ni maringo?"

Miaka yote hiyo namwonea gere, kumbe ile nafasi ilikuwa yangu, na yeye ndiye aliyenibebea woga. Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nikapata wivu mpya: hata kwa wema alinitangulia.

Nikaenda jikoni kupakua wali, mgongo nimeupa mlango. TV za leo zimebandikwa ukutani, hazina kichogo cha kujificha nyuma yake, kwa hiyo najua Kulwa alisimama pembeni yake tu, akabana pua.

"Dotooo... Doto wa Mama Doto, njooo!"

Nilitupa mwiko. Nilitoka mbio mpaka uani, na umri wangu huu, watoto wanavunjika mbavu huko ndani. Nikasimama pale, machozi yananitoka, nimetega sikio aite tena.