Joto la Oili Njia ya Pemba

Gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, wageni walijaa Palma na Mocímboa, na kila mwenye gari akapata kazi. Mume wangu alikuwa na kombi kuukuu, kongwe kuliko ndoa yetu. Injini yake ilikaa nyuma, haina rejeta wala maji. Upepo ndio ulioipoza. Fundi mmoja wa kigeni aliyepanga chumba kwetu aliipenda mno. Kabla ya kurudi kwao akaifungia geji ya joto la oili, kando ya usukani.

Tangu hapo, kila safari nilikaa mbele nikiutazama mshale wa geji. Njia ya Palma ilikuwa vumbi na mashimo matupu, kombi ikilia kila kiungo, lakini mshale ulitulia. Tukishika lami ya kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, njia laini, mshale ulipanda.

"Mbona inachemka kwenye njia nzuri?" nilimuuliza mume wangu.

"Geji mbovu hiyo."

Haikuniingia akilini.

Siku moja tulimpeleka mama yake Pemba, akatolewe mtoto wa jicho. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini. Tulipopita Macomia akasema, "Wanangu, huku nimekalia jiko."

Nikatazama mshale. Ulikuwa umegusa alama nyekundu.

"Geji na mama hawawezi kusema uongo pamoja," nilimwambia mume wangu. "Punguza mwendo."

"Tutachelewa hospitali."

"Jicho limengoja miaka," mama mkwe akasema. "Litangoja na leo."

Mume wangu akapunguza. Malori yakatupita yakipiga honi. Kwa muda mrefu mshale haukutikisika, kisha ukaanza kushuka, polepole, kama mtu asiyetaka kuondoka. Nikamwomba aongeze mwendo kidogo, ukapanda. Akapunguza, ukashuka.

"Kumbe ni kasi," nikasema. "Njia ya Palma hatujawahi kukimbia."

Kwenye kilima kilichofuata aliachia pedali ya mafuta kabla sijamwambia.

Tulifika daktari ameshaondoka. Tukalala kwa shangazi wa mume wangu, na asubuhi mama akapasuliwa jicho. Alipofunguliwa bendeji alimtazama mwanawe kwa muda, akamshika kichwa.

"Mwanangu, hizi mvi umeziota lini?"

Mume wangu akacheka, akainama ili mama azione vizuri.