Pipa la Apolonia Halikupenda Ukweli

Apolonia Kestner alikuwa na mikono ya buluu hadi viwikoni. Haikuwa buluu ya kupakwa, ya kuoshwa Jumamosi jioni ikaisha. Ilikuwa imeingia ndani, chini ya ngozi na kwenye mizizi ya kucha, kiasi kwamba kanisani alipoikunja kusali watoto walimkodolea macho yeye badala ya mchungaji. Kusema kweli, mchungaji wetu hakuwa mshindani mgumu.

Mumewe, Asmus, alikufa kwa homa wakati wa mavuno, akamwachia nyumba ya ukingoni mwa mto, jozi ya buti nzuri zisizomtosha mtu yeyote mjini, na pipa. Kati ya vitu hivyo vitatu, pipa ndilo lililokuwa hai.

Sisemi hivyo kwa mapambo. Pipa la waidi, lile la kutilia nguo buluu, ni kiumbe. Lile la Asmus lilikuwa la mbao za mwaloni, refu kuliko mwanamume, nusu yake imezikwa ardhini ili lisipate baridi. Ndani yake mlikuwa na majani ya waidi, yale yanayolimwa kwenye mashamba yote unayoyaona kutoka mnara wa kanisa, yakasagwa, yakafinyangwa madonge, yakakaushwa, yakavundikwa tena. Pamoja nayo mlikuwa na pumba, majivu, na kitu ambacho wanywaji wa bia wa mtaa mzima walikichangia kwa hiari bila kudai shukrani. Mchanganyiko huo hunuka vibaya hata mbwa huvuka barabara. Ndimo inamotoka buluu wanayovaa maaskofu. Nimeishi ng'ambo ya njia tangu nizaliwe na bado jambo hilo sijalizoea.

Sheria ya chama cha watia-rangi kuhusu wajane ni fupi. Mjane ataendelea na kazi maadamu pipa la mumewe li hai. Likifa, mlango wake unapigiliwa misumari na nyumba inarudi kwa chama. Hapo Apolonia angekwenda kukaa kwa wifi yake, kule juu karibu na lango la mji, kusokota sufu ya watu na kusikia kila siku jinsi alivyo na bahati kupewa mahali pa kulala. Wifi huyo namfahamu. Ningekuwa mimi, ningelilinda pipa kwa upanga.

Apolonia alililinda kwa blanketi. Majira ya baridi alilivua lake mwenyewe akalifunika, akalala na koti. Alililisha pumba kwa mkono. Aliweka sikio kwenye mbao kama mkunga anavyosikiliza tumbo, akachovya kidole, akaonja, akatema, akasema, "Leo lina huzuni," au, "Leo lina kiburi, liacheni." Na lilikuwa hivyo.

Pipa likinuna, hudanganywa. Hili kila mtia-rangi wa kwetu analijua, na nimepekua vitabu vya Kilatini kuhusu asili ya vitu bila kupata hata kimoja kinachoeleza kwa nini. Unainama ukingoni, unaliambia uongo mzuri, nalo linachemka na kutoa povu. Uongo lazima uwe mpya, umhusu anayeusema, na usemwe kwa upole. Kuliambia pipa la mwenzako ukweli ni kosa kubwa, na faini yake ni ileile ya kulitupia paka mfu. Asmus, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo wa kipaji. Mjane wake alijifunza kwa shida, maana alilelewa na mama mcha Mungu.

Miaka ile ndipo nili ilipoanza kufika kwetu, madonge magumu meusi-meusi yaliyotoka India, yakazunguka Afrika nzima kwenye matumbo ya meli, yakapandishwa mito, yakabebwa na nyumbu. Konzi moja ilifanya kazi ya gunia la waidi. Wakuu wa nchi waliona mashamba yetu yatakavyokuwa, wakaipiga marufuku, wakaiita rangi ya shetani, wakaamuru kila mtia-rangi aape kila mwaka kwamba hajaigusa. Kila mtia-rangi aliapa. Ugumu ulikuwa mmoja tu: buluu ya nili na buluu ya waidi ni buluu ileile. Ukiweka vitambaa viwili juani, malaika hawezi kuvitofautisha. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kitu ambacho ushahidi wake pekee ni neno la mtu.

Neno la mtu ndilo Fundi Veit Saalborn alilolipeleka kwa chama. Veit alikuwa na karakana juu kidogo ya mto, penye maji haba, na alikuwa ameitamani nyumba ya Asmus tangu Asmus akiwa na afya. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakucheza kamari, hakucheka. Alisema kwamba pipa la Kestner lilikufa kwenye baridi kali ya Januari, kwamba mjane alilifufua kwa nili, na ndiyo sababu buluu yake ilikuwa nzuri kupita kiasi kwa mwanamke.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Februari wakaja kupima. Alikuja Wendel Ottmar, mkuu wa chama, mzee mwenye sikio moja linalofanya kazi. Alikuja Kilian Hase, fundi mnene aliyependwa na wote isipokuwa mkewe. Alikuja Veit. Mimi niliitwa kwa sababu sheria inataka shahidi jirani asiye mtia-rangi, na wengine wote walikuwa na udhuru.

Mlango ukawa wazi muda mrefu, kwani Wendel alikuwa akikung'uta theluji kwenye viatu vyake, kimoja, halafu kingine, halafu kile cha kwanza tena.

"Jamani, mlango!" alisema Apolonia. "Mnaniulia."

"Nani kaugua?" aliuliza Wendel.

"Pipa, Baba Wendel! Funga mlango!"

Ulifungwa, lakini walikuwa wamechelewa. Apolonia alifunua kifuniko. Ua lilikuwa limezama. Ua ndilo lile povu la buluu lenye mng'ao wa shaba, linaloelea juu ya pipa lenye afya. Palibaki maji ya kijani-manjano, yametulia kama dimbwi la bata. Niliuona uso wake ukibadilika rangi, mikono tu ikabaki ilivyokuwa.

"Mnaona?" alisema Veit. "Limekufa. Tena limekufa zamani."

"Limenuna," alisema Apolonia. "Mmeliingizia baridi, limenuna. Lidanganywe tu."

"Basi lidanganye," alisema Kilian.

"Siwezi. Mliniapisha chamani alfajiri kwenye Biblia kwamba leo hadi jua lizame nitasema kweli tupu. Au mmesahau?"

Hawakuwa wamesahau. Walikuwa hawajafikiria. Wendel alielezewa mara mbili kwenye sikio lile zima, akatafakari, akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona kuwa ya haki: pipa limenuna kwa sababu ya wageni, wageni walibembeleze. Kila fundi uongo mmoja. Ua likirudi, kitambaa kitazamishwa. Lisiporudi, misumari ipo mfukoni mwake. Akaugonga mfuko kwa kiganja, tukaisikia misumari.

Kilian alitangulia. Aliinama, tumbo likamzuia, akainama upande.

"Pipa, mpenzi wangu," alisema kwa sauti ya asali, "jana usiku mke wangu aliniambia, 'Kilian, ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.'"

Mapovu mawili madogo yakapanda, yakapasuka.

"Linakujua," alisema Apolonia. "Ongeza."

"Kila mtu mmoja. Na mwenzio nimejitahidi, dada."

Akafuata Wendel. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akafumba macho. Kwa kitambo nilidhani amesinzia.

"Nilipokuwa kijana," aliliambia pipa, "nilikuwa mzuri hivi kwamba nikipita chini ya mnara, kengele zilijipiga zenyewe."

Pipa likatoa sauti kama mtu anayejizuia kucheka kanisani. Pembezoni pakaanza ukanda mwembamba wa povu, mweupe bado. Apolonia aliunganisha mikono yake ya buluu mbele ya aproni. Kwa wifi yake kuna chumba kimoja kisicho na dirisha, na nadhani alikuwa akikiona.

"Fundi Veit," alisema Wendel. "Zamu yako."

Hapa lazima nimtendee haki Veit Saalborn. Hakuwa amekuja kudanganya, alikuja kushinda. Alikuwa amesimama pale akimtazama mjane, akisikiliza wazee wawili wakilitania pipa, hasira zikimpanda. Pale ulipotakiwa uongo, yeye alisikia tu kwamba ameitwa kusema. Akapiga hatua mbele, akainama, akaweka mkono kifuani.

"Mimi, Veit Saalborn," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "sijawahi kutia hata punje moja ya nili kwenye rangi yangu!"

Nje nilisikia tone la barafu likidondoka kutoka kwenye paa.

Halafu pipa likachemka. Sijui kwa nini lilichemka wakati ule. Huenda joto la mlango uliofungwa lilikuwa limerudi, au pumba za jana usiku zilikuwa zimefika mahali pake. Ninasema tu nilichokiona. Povu lilipanda kutoka chini kabisa likiunguruma, jeupe, kisha la kijivu, kisha buluu, likaenea hadi ukingoni na kung'aa shaba kama mgongo wa samaki. Sijaona ua kubwa kama lile, kabla wala baada. Kilian alifanya ishara ya msalaba, jambo ambalo huku kwetu tuliliacha tangu siku za babu zetu.

"Lo!" alisema alipopata pumzi. "Huo sasa ndio uongo! Mwenzetu, ulikuwa unauficha wapi?"

Veit akainuka kama aliyemwagiwa maji. "Hapana! Ule haukuwa uongo!"

"Haukuwa nini?" aliuliza Wendel, akigeuza sikio lake.

"Ulikuwa ukweli! Nimesema ukweli!"

"Umeliambia pipa la mwenzako ukweli?" Wendel alisema taratibu. "Mbele yangu? Likiwa limenuna? Unataka kuliua, Fundi Veit?"

"Mimi? Sikukusudia…"

"Hebu tuelewane, maana mimi ni mzee. Kama umesema uongo, basi una nili nyumbani, na ninayo misumari. Kama umesema kweli, basi umetupa paka mfu kwenye pipa la mjane. Chagua polepole. Hatuna haraka."

Veit aliutazama mfuko wa Wendel. Alimtazama Kilian. Kilian alikuwa akikagua buti zake kwa makini ya ajabu, na nikamwona Wendel naye akikagua zake. Nilianza kuhisi kwamba katika chumba kile kulikuwa na watu kadhaa wasiotaka mazungumzo ya nili yaendelee sana.

"Malalamiko yangu," alisema Veit mwishowe, "huenda nilipewa habari zisizo sahihi."

"Huenda," alisema Wendel. "Mama, zamisha."

Apolonia alizamisha sufu nyeupe iliyoloa, taratibu, bila kupiga maji, mikono ikafuata hadi viwikoni, mahali penye mpaka wake. Aliishika chini ya maji kwa muda, midomo ikicheza. Sidhani alikuwa akidanganya, maana alikuwa na kiapo. Kisha akaiinua.

Ilitoka ya manjano. Hutoka ya manjano siku zote, na siku zote moyo hushtuka. Maji yalitiririka, hewa ikaigusa, na pale mikononi mwake, bila mtu kuifanyia lolote, ikaanza kubadilika: kijani cha nyasi changa, kijani cha kina cha kisima, halafu kutoka kwenye mikunjo buluu ikaja ikitembea kama kivuli cha wingu shambani, hadi kitambaa chote kikawa anga. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko nilivyoiona Krismasi. Tulivua kofia, sote wanne. Hakuna sheria inayotutaka tuvue. Veit ndiye aliyekuwa wa mwisho kuirudisha kichwani.

"Pipa li hai," alisema Wendel. "Mjane anaendelea."

Aliondoka na misumari yake. Safari hii aliufunga mlango mwenyewe.

Wiki iliyofuata, Wendel alitangaza kwamba kabla ya Pasaka atatembelea karakana ya kila mwanachama. Maji ya mto yakabadilika rangi mara mbili usiku ule, kwa buluu iliyokolea mno, na sisi wa mtaani tukakubaliana kwamba ni theluji inayoyeyuka. Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwangu nilipomwona Fundi Veit akishuka na ndoo yenye kifuniko. Alisimama mbele ya nyumba ya Kestner muda mrefu kabla ya kubisha. Pipa jipya la waidi halianzi peke yake. Linahitaji chachu kutoka kwenye pipa lililo hai, na mtaani petu mapipa ya aina hiyo yalikuwa yamepungua ghafla.

Apolonia alifungua, mikono ikidondosha.

"Shikamoo, Mama," alisema Veit, ingawa alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Ndoo moja. Nusu inatosha."

Apolonia alimtazama. Aliitazama ndoo. Nilidhani atamfungia mlango, na ningemsaidia kuusukuma. Akaichukua, akaingia ndani, akarudi nayo imejaa, imefungwa kwa kipande cha blanketi, lile lake la kitandani.

"Pipa hili changa liweke karibu na jiko, si juu yake," alisema. "Pumba kidogo asubuhi. Ukilala fofofo litakufa, kwa hiyo usilale fofofo."

"Ahsante, Mama. Sijui niseme nini."

"Usiseme," alisema Apolonia. "Mpaka ufike kwako, Fundi Veit, tafadhali, usiliambie neno lolote."

Veit alipanda njia ameikumbatia ndoo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe, midomo ameikaza, na kila aliyemsalimia alimjibu kwa kichwa.