Mama wa Kwenye Simu

Mbah Kasmirah, yaani Bibi Kasmirah, alipostaafu ualimu aliomba chumba cha mbele cha ofisi ya kijiji akakigeuza maktaba ya watoto. Alitandika mikeka, akashusha rafu zifikiwe na mikono midogo, kisha akatangaza saa ya mama na mtoto kila Jumapili alasiri. Mwalimu mzima, na hilo halikumpitia akilini: kijiji chao huko milima ya Ponorogo, Indonesia, kilikuwa kimebaki na mabibi. Akina mama walikuwa Hong Kong na Taiwan, wakiogesha wazee wa watu.

Jumapili ya kwanza mabibi walikuja na mihogo ya kukaanga, wakakaa mlangoni, wakiona haya kukanyaga vigae.

"Unaita mama gani, Kasmirah?" Mbah Tukinem alimchokoza. "Wa Hong Kong au wa Taiwan? Tuwatumie nauli."

Kicheko kile kilimchoma, maana yeye mwenyewe alikuwa akimlea Wening, mtoto wa binti yake Ratri. Ratri naye aliondoka kwenda kazi hizo mtoto angali ananyonya. Kama watoto wengi wa pale, Wening alimwita bibi yake Mak, yaani mama, na Ratri ndiye aliyemwita dada. Kasmirah hakumsahihisha, ni tamu kuitwa hivyo, tusidanganyane. Lakini mkataba wa Ratri ulikuwa ukingoni, na bibi akaanza kukosa usingizi. Akirudi, mtoto atamwendea?

Basi akaupanga upya mpango wake. Aliwaomba akina mama wa mbali wasome hadithi, wajirekodi, wamtumie kwa simu. Jumapili watoto walikaa mkekani na vitabu, sauti za mama zao zikitoka kwenye spika, mabibi wakifunua kurasa. Wasiojua kusoma walifuata picha. Chumba kilijaa mpaka ndala zikafika barabarani. Bwana mmoja wa wilayani alikuja kupiga picha, akasifu mpaka akakaukiwa na koo. Na Wening akaacha kusema dada. Alisema mama, shavu kalilaza kwenye spika.

Ratri alirudi karibu na Idi, amekonda, mikono imechubuka kwa sabuni. Jumapili ile Kasmirah alimketisha mkekani, akampa kitabu ambacho mtoto alikipenda kuliko vyote. Ratri akaanza kusoma. Wening alimtazama, akasogea taratibu hadi kwa bibi yake.

"Mak, mwambie dada anyamaze," alisema. "Mimi namtaka mama wa kwenye simu."

Ratri alisoma hadi mwisho, kisha akatoka nje.

Walijaribu kila njia. Kasmirah alimweleza mtoto kwamba sauti ni ileile. Mtoto alisikiliza, akatikisa kichwa. Bibi alificha spika, Wening akalia mpaka akapata homa, ikabidi airudishe. Ratri alimwogesha, akamsuka, akamlisha kwa mkono wake, na mtoto alimvumilia kwa adabu, kama mgeni wa bibi. Mpango ulikuwa mzuri, na ndio uliowamaliza.

Baada ya Idi Ratri alikwenda kwa wakala wa kazi za nje akasaini mkataba upya. Kasmirah alimwomba asubiri kidogo, mtoto atazoea.

"Niache niende, Mak," Ratri alisema. "Nikiwa huko, mwanangu ananipenda."