Mwanangu Anajiona Kupe

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mhariri, jina langu lifiche, maana mama mkwe wangu husomewa gazeti hili. Nina miaka thelathini na saba, mkulima wa kijiji cha ujamaa upande wa Msowero. Kuandika nimejifunzia kisomo cha watu wazima, mnisamehe.

Binti yangu alipovunja ungo tulimweka ndani, ndiyo mila yetu. Tukamlisha, akatoka mwali kanenepa, anang'aa, wanawake wakampigia vigelegele. Kumbe tunamponza. Shuleni ukaja mchezo wa Sabasaba, akatafutwa wa kuigiza bepari, wakamchagua yeye kwa ule unene wake. Tangu hapo akipita ni, "Kupe huyo! Leo umemnyonya nani?"

Akaacha ugali. Sasa mabega yamebaki mifupa, lakini akijishika tumbo analia, "Mama, ona lilivyojaa." Nione nini jamani, na tumbo limeshikana na mgongo?

Nikampeleka hospitali Kilosa. Daktari kijana akaniambia, "Mama, kuna tiba tunaijaribu tu, sikuahidi kitu." Mtoto analala chali mkekani, kafumba macho, anapumua polepole. Unamwambia kwa sauti ya chini alegeze vidole, miguu, mikono, mpaka mwili wote. Ndipo aweke kiganja tumboni alisikie lilivyo. Nyumbani nikaendelea mwenyewe. Juzi alipoinuka mkekani alikunywa kikombe kizima cha uji. Nilikimbilia jikoni kulia.

Jana mama mkwe akatukuta. "We mwanamke! Unamnyoosha mjukuu wangu kama maiti?"

"Mama, ni tiba ya hospitali."

"Kama kulala ni dawa, paka wangu angekuwa daktari! Mwali kapungua, arudi ndani anenepe."

Mume wangu kamuunga mkono mama yake. Mwezi ukiandama mtoto anawekwa ndani, alishwe hata kwa nguvu, na mimi nisimsogelee.

Nikamuuliza mwanangu yeye anatakaje. Akanijibu, "Mama, nikilegea nikasikia sauti yako, tumbo linakuwa langu. Nikifumbua macho, la kupe."

Wenzangu mliozaa, nimtoroshee kwa dada yangu Mikumi, nami niachike? Au nimrudishe ndani, kulekule yalikoanzia? Nishaurini upesi. Dawa aliyonayo ni hii sauti yangu, na wanataka ninyamaze.